Msikiti wa Wazir Khan: juu rangi zinang'aa, chini ukuta unaliwa

Swali la msomaji: "Nimetazama picha nyingi za Msikiti wa Wazir Khan ulioko Lahore, Pakistan. Ni wa zama za Wamughali, na ukiangalia juu utadhani fundi kaondoka jana. Lakini kwenye picha kadhaa kuta za chini zimebanduka na kuliwa. Mapambo yale yaliwekwaje hata yakadumu hivyo, na mbona uharibifu unaanzia chini? Nauliza kwa sababu msikiti wetu wa zamani huku Pangani, wa mawe na chokaa, una tatizo hilohilo, na kamati inataka kuupiga lipu ya saruji."

Kabla ya lolote, ndugu yangu, waambie wanakamati wasifungue huo mfuko wa saruji. Nitafika huko. Lakini tuanze Lahore, maana ugonjwa wa msikiti ule ndio wenu: kuta nene zilizoshikwa na chokaa, ardhi ya nje iliyopanda, maji yanayonyonywa kutoka chini, na ukarabati wa harakaharaka.

Watu wakisikia "Wamughali", wale wafalme Waislamu waliotawala India, hukumbuka marumaru ya Taj Mahal au mawe mekundu ya Msikiti wa Ijumaa wa Delhi. Hayo ni majengo ya kifalme, na mfalme ana uwezo wa kusafirisha mawe kutoka mbali. Msikiti wa Wazir Khan haukujengwa na mfalme. Mwenyewe ni Hakim Ilmuddin Ansari, mtu wa Chiniot, aliyekuwa tabibu katika baraza la mfalme Shah Jahan hadi akapewa cheo cha Wazir Khan na ugavana wa jimbo la Punjab. Kazi ilianza mwaka 1634 ikachukua miaka saba hivi, ikakamilika 1641. Lahore imekaa kwenye uwanda wa udongo wa mto Ravi. Jiwe la kujengea halipo karibu, udongo wa kufyatulia tofali umejaa tele. Kwa hiyo msikiti ni wa matofali, yale membamba ya kuchoma ya zama hizo, yaliyounganishwa kwa chokaa. Jiwe jekundu lina rangi yake na huweza kuachwa wazi. Tofali la Lahore lilivishwa, na vazi hilo ndilo lililoupa msikiti sifa yake.

Ukiingia mji wa kale kwa Lango la Delhi, unafuata njia ya kifalme iendayo kwenye ngome, na baada ya mita 260 hivi unafika kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya msikiti. Lango kuu liko mashariki, kwani kibla cha Lahore ni magharibi (sisi wa pwani mihrabu zetu ziko kaskazini, kwa hiyo ukisoma ramani za misikiti ya kule geuza kichwa kidogo). Juu ya tao la lango imeandikwa shahada kwa vigae. Jengo zima lina urefu wa futi 279 na upana wa futi 159, yaani takriban mita 85 kwa 48. Ndani kuna ua wa futi 160 kwa 130 wenye birika la kutawadhia la futi 35 kila upande, na pembeni vyumba vidogo 32 vilivyokuwa vya kusomea. Kwenye pembe nne za ua imesimama minara minne, kila mmoja futi 107, mita 32 na ushee.

Ukumbi wa swala uko upande wa magharibi. Ni mrefu na mwembamba, futi 130 kwa 42 hivi, safu moja tu ya vyumba vitano vilivyofunguana, kila kimoja na kuba lake. Mpango huo wa safu moja yenye sehemu tano ulikwisha tumika Lahore katika msikiti wa Maryam Zamani, uliomalizika 1614. Kuba la kati lina kipenyo cha futi 23 na kimo cha futi 31, limekalia matao manne yaliyounda mraba, mtindo wa Kiajemi uitwao char taq; yaliyobaki yana kipenyo cha futi 19. Kwa kipimo cha Wamughali haya ni makuba ya kiasi.

Ndani ya ua kuna kaburi la Syed Muhammad Ishaq Gazruni, walii anayejulikana kama Miran Badshah, aliyezikwa hapo karne kadhaa kabla ya msikiti. Kaburi liko chini kuliko sakafu ya ua, unateremka kulizuru. Liweke akilini, maana linakuonyesha jinsi ardhi ya mji wa kale inavyopanda: watu hujenga, hubomoa, humwaga vifusi, hutandaza njia mpya juu ya ile ya zamani.

Kitu kimoja cha mpango wa msikiti huwapita wageni wengi. Ukipita lango kuu hutokezi uani moja kwa moja. Unapita kwanza chumba cha pembe nane chenye kuba, na kutoka hapo ukumbi wenye maduka pande zote mbili unakatiza kaskazini na kusini. Yalikuwa maduka ya waandishi wa hati na wajalidi vitabu. Wazir Khan hakuyaweka kwa mapambo. Kodi yake, pamoja na mapato ya hamamu aliyoijenga karibu na Lango la Delhi, iliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti: wahudumu walipwe, jengo lishughulikiwe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha ujenzi chenye akili kuliko vyote pale, kushinda hata minara. Jengo la chokaa halihitaji fedha nyingi kwa mara moja, linahitaji kidogo kidogo kila mwaka bila kukosa.

Sasa mapambo. Picha hufanya yaonekane kitu kimoja, ilhali ni kazi tatu tofauti, za mafundi tofauti, na kila moja hufa kwa njia yake.

Ya kwanza ni kashi, neno lililotoka katika jina la mji wa Kashan wa Uajemi. Hivi ndivyo vigae vinavyong'aa kwenye lango, minara na uso wa ukumbi wa swala. Usidhani ni vigae vya mraba vilivyochorwa maua. Kila rangi ilichomwa peke yake, kwenye bamba lake. Bamba lenyewe si la mfinyanzi wa kawaida; ni mchanga wa silika, chokaa na kioo kilichosagwa, vikakandwa kwa maji ya mchele ili vishikane kabla ya moto. Juu yake hupakwa kioo cha rangi: kobalti kwa buluu iliyokolea, shaba kwa feruzi, manganizi kwa urujuani, risasi na bati kwa manjano, na kijani hupatikana kwa kuchanganya shaba na ile manjano. Kuchoma kila rangi peke yake kuna faida mbili. Rangi haziingiliani zikiyeyuka, na kila moja hupata kiasi cha moto inachokitaka.

Kisha ndipo kazi ngumu. Tuseme fundi anataka ua moja la feruzi lenye kitovu cha manjano na jani la kijani juu ya ardhi (rangi ya nyuma ya mchoro) ya buluu. Anachora kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, anatoboa mistari kwa sindano, anapigapiga kifuko cha unga wa makaa ili mchoro uhamie kwenye karatasi ya pili. Moja anaikata vipande: petali, kitovu, jani, na mabaki ya ardhi iliyo katikati yake. Kila kipande cha karatasi kinabandikwa kwenye bamba la rangi yake na kukatwa kwa kufuata ukingo wake. Angalia hapa: kingo hazikatwi wima. Zinaingia ndani kwenda nyuma, ili uso uwe mpana na mgongo uwe mwembamba. Kwa hiyo vipande vikipangwa, mbele vinagusana karibu bila ufa, na nyuma kunabaki mifereji ambamo chokaa huingia na kushika kama meno. Kwa kawaida vipande hupangwa uso chini juu ya ule mchoro wa pili, vinamiminiwa chokaa mgongoni, kikikauka kipande kizima kinainuliwa na kupachikwa ukutani. Ua dogo kama kiganja linaweza kuwa na vipande zaidi ya kumi. Hesabu mwenyewe lango zima.

Hapo una jibu la nusu ya swali lako. Rangi haikupakwa juu ya ukuta, ni kioo. Jua haliifubazi kwa urahisi, mvua huteleza. Karne nne kwa kioo si ajabu. Kinachokufa ni mshiko wake. Maji yakiingia kwa nyuma, kutoka paa linalovuja au ukingo uliopasuka, chokaa hulegea na kipande hudondoka kizima, au chumvi hujikusanya kati ya kioo na mwili wa bamba na kukibandua kioo kama ganda. Kipande kimoja kikidondoka, jirani zake wamepoteza egemeo, na maji yamepata mlango.

Kazi ya pili ni naqqashi, na wewe kama Mswahili hutahitaji mkalimani: ni ndugu ya neno letu nakshi. Hii iko ndani ya ukumbi wa swala, kwenye kuta, matao na matumbo ya makuba. Maua, miti, vyungu, maandishi. Ni rangi za unga wa madini zilizopakwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Tabaka la chini ni chokaa na unga wa matofali, la juu ni chokaa laini iliyochekechwa. Fundi anapiga lipu eneo analoweza kulimaliza siku hiyo tu, anapaka rangi iliyolowekwa kwa maji, kisha anaigongagonga na kuisugua kwa mwiko mdogo hadi iingie na uso ung'ae. Chokaa ikikauka inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na rangi inabaki ndani ya jiwe hilo. Kwa sababu hiyo hailainiki ukiigusa kwa kitambaa chenye unyevu. Ila kama baadaye mtu ameongeza rangi juu ya lipu kavu, hiyo ya juu itatoka kwa mfuto mmoja, ndiyo maana anayesafisha masizi hujaribu kwanza mahali padogo pa kujificha, na haanzi na sabuni.

Ya tatu hudanganya hata macho yaliyozoea. Kuta za nje unaziona zina matofali mekundu yaliyopangwa sawasawa na mistari myeupe iliyonyooka. Mahali pengi hayo si matofali. Ni lipu ya chokaa iliyotiwa rangi ya tofali, ikachorwa viungo vyeupe juu yake. Mafundi wa kule huita taza kari. Matofali ya kweli yako chini yake, na hayajapangwa kwa unadhifu huo. Lipu hii ni ngozi: inakinga tofali na mvua, na kwa kuwa ni chokaa, inaruhusu unyevu wa ndani kutoka. Ikichubuka, tofali lililochomwa kwa moto wa wastani linakuwa uchi, na huanza kumung'unyuka.

Nusu ya pili ya swali: kwa nini chini? Ukuta wa matofali na chokaa, sawa na wenu wa matumbawe na chokaa, umejaa vijitundu. Ukisimama kwenye udongo wenye maji hunyonya, kama sukari inavyonyonya chai. Maji hupanda hadi pale uvukizi unapokuwa sawa na unyonyaji, mara nyingi mita moja hadi moja na nusu. Maji yenyewe yangeondoka bila kudhuru sana. Tatizo ni kwamba yamebeba chumvi ya udongo, ya vyoo, ya mifereji. Yakifika juu ya uso yanageuka mvuke, chumvi inabaki. Kila inapokauka inajenga fuwele, kila unyevu unapoongezeka inayeyuka, ikikauka tena inajenga upya, na kila fuwele ikikua ndani ya kitundu inasukuma kuta zake hadi zipasuke. Unga mweupe unaouona ukutani ndio shura, neno ambalo wenyeji wa Lahore nao hulitamka karibu vilevile.

Karibu na msikiti wa Wazir Khan ardhi ya nje ilikuwa imepanda kwa karne nyingi, maduka yamejibana ukutani, mifereji ya mji inavuja. Ndiyo maana kazi kubwa ya ukarabati wa miaka ya karibuni, iliyofanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na mamlaka ya mji wa kale wa Lahore, haikuishia kwenye maua. Uwanja wa mbele ulichimbwa hadi usawa wake wa zamani, vibanda vilivyoziba vikaondolewa, na mifereji ikashughulikiwa. Anayerudisha vigae kabla ya kushughulikia maji anavirudisha ili vidondoke tena.

Na saruji? Saruji ni ngumu kuliko ukuta wa chokaa na haipitishi mvuke kwa urahisi. Ukiipiga kwenye futi nne za chini, uvukizi unazibwa, lakini unyonyaji hauzibwi. Maji yanapanda hadi yapate pa kutokea, yaani juu ya ile lipu mpya. Mwaka wa kwanza chini patapendeza. Wa pili au wa tatu utaona mstari wa unyevu na shura umehamia juu, mahali palipokuwa pakavu. Huko nyuma ya saruji chokaa inaoza kimyakimya. Siku lipu inapodondoka hudondoka bapa zima, na mawe yamejishikiza kwake. Saruji yenyewe pia ina chumvi zake inazouongezea ukuta.

Kwa msikiti wenu wa Pangani, basi, fuateni mpangilio huu, na msigeuze mfuatano.

Anzeni nje. Pimeni usawa wa ardhi dhidi ya sakafu ya ndani kwa mpira wa maji. Kama udongo wa nje uko juu, ushusheni hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, mkichimba kwa vipande vifupi, si ukuta mzima kwa siku moja, na msipite chini ya msingi, kwani majengo ya zamani ya pwani yana misingi ya kina kifupi. Upeni mteremko wa kupeleka maji mbali. Angalieni maji ya udhu yanaishia wapi. Birika linalovuja linaweza kulowesha ukuta mwaka mzima. Paa nalo lizibwe, na miche ya jamii ya mkuyu iliyooteshwa na ndege ikatwe na mizizi yake ishughulikiwe, isivutwe kwa nguvu ikang'oa jiwe.

Kisha bandueni saruji yoyote iliyokwisha pigwa, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Gongeni kwanza kwa kifundo cha kidole. Panapotoa mlio mtupu ndipo pa kuanzia. Nakshi ya mihrabu isiguswe kabisa na fundi wa kawaida.

Hapo sasa ni kungoja, na hapa kamati nyingi hushindwa. Ukuta hukauka polepole, kwa makadirio ya mafundi sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 45 unaweza kuhitaji mwaka na nusu. Shura ikitokea, ifagieni kwa brashi kavu na mkaiondoe mbali. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani.

Lipu mpya iwe chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Chokaa izimwe na iachwe ndani ya maji kwa wiki kadhaa, ikae ndivyo inavyokuwa laini; ikipigwa kabla ya kuzimika vizuri, chembe zilizobaki zitafumka ukutani na kuacha mashimo. Mchanga uwe wa mto, wenye ncha kali, uliooshwa. Wa ufukweni hapana, hata ukiwa karibu na bure, kwa kuwa una chumvi ileile mnayoikimbia. Mahali panapobaki na unyevunyevu badilisheni sehemu ya mchanga kwa unga wa matofali ya kuchoma kama walivyofanya wa Lahore. Unaisaidia chokaa kushika penye unyevu. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka zisizozidi sentimita moja, kila moja ishike kabla ya inayofuata, na funikeni kwa magunia mabichi kwa wiki moja. Jua la Pangani likiipata lipu mbichi ya chokaa siku ya kwanza, itapasuka vijinyufa na kumwagika unga. Mwisho pakeni maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mara nne au tano. Rangi ya mafuta au ya plastiki itafanya kosa la saruji kwa njia nyingine.

Mwaka wa kwanza au wa pili huenda shura ikatokea tena juu ya lipu hiyo na sehemu za chini zikachubuka. Msishtuke wala msimlaumu fundi. Lipu inavuta chumvi iliyosalia ndani ya ukuta na kuibeba yenyewe badala ya mawe; ibandueni palipoharibika, mpige nyingine.